Amplifaya ya Kale ya Gitaa: Soma Namba Kwanza, Taja Bei Baadaye

WAFANYABIASHARA wa vitu vilivyotumika wanaijua vizuri biashara ya magari, majokofu na nguo za mitumba. Ipo bidhaa moja, hata hivyo, ambayo wengi huiuza kwa bei ya spika zake tu na pengine kwa kilo kama chuma chakavu, wakati katika masoko ya Marekani, Ulaya na Japani ina wanunuzi wanaoisubiri na fedha mkononi. Bidhaa hiyo ni amplifaya ya kale ya gitaa, ile ya vali, iliyotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1980.

Ugumu wa soko hili ni kwamba bidhaa mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kupishana bei mara kumi. Bassman ya kampuni ya Fender iliyotengenezwa 1959 huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Twin Reverb ya kampuni hiyo hiyo ya katikati ya miaka ya 1970, ambayo ina nguvu zaidi ya umeme na uzito zaidi, huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Na ipo Bassman iliyotengenezwa upya miaka ya 1990 kwa sura ile ile ya 1959, ambayo bei yake iko chini kabisa ya ile ya asili. Muuzaji asiyejua ipi ni ipi hupata hasara ya namna mbili. Akitaja bei ndogo, dalali ndiye anayefaidi. Akitaja bei kubwa mno, amplifaya hukaa stoo mwaka mzima na mtaji wake umefungwa.

Makala haya yanaeleza hatua za kuitambua amplifaya na kuipangia bei kabla ya kumwita mnunuzi.

KWA NINI KITU KIKUUKUU KINA BEI

Amplifaya za kwanza za gitaa zilitumia vali, yaani vile vyupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa kama zile za redio za zamani. Miaka ya 1960 na 1970 transista zilichukua nafasi ya vali katika redio, televisheni na karibu vyombo vyote vya umeme, kwa sababu ni nyepesi, ni rahisi na hazipati moto sana. Wapiga gitaa ndio waliokataa kuhama. Vali ikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake hukwaruza sauti kwa namna ambayo sikio la mwanamuziki hulipenda. Transista ikisukumwa hivyo hutoa sauti kavu.

Fender yenyewe ilijaribu kuuza amplifaya za transista kuanzia 1966 na ikaziacha miaka michache baadaye. Hadi leo amplifaya hizo za transista hazina bei kubwa, ingawa zina jina la Fender na umri wa zaidi ya miaka 50. Hilo ni somo la kwanza la soko hili: umri peke yake haulipwi.

Kinacholipwa ni ugavi uliokwisha kufungwa. Hakuna kiwanda kinachoweza kuongeza idadi ya amplifaya zilizotengenezwa 1959, na kila mwaka nyingine huungua, huvunjwa au huingia kwa watu wasiouza. Wanaozitaka bado wapo, wanamuziki wa studio na wakusanyaji. Ugavi ukipungua na mahitaji yakibaki, bei hupanda. Ni kanuni ile ile ya kiwanja cha katikati ya mji.

HATUA YA KWANZA: JINA NA SURA

Majina yanayoongoza soko ni matatu: Fender ya Marekani, na Vox na Marshall za Uingereza. Yapo mengine yenye wanunuzi, kama Gibson, Ampeg na Selmer, lakini haya matatu ndiyo yanayopima joto la soko.

Fender ilianzishwa na Leo Fender katika mji wa Fullerton, California, katika miaka ya 1940. Amplifaya zake hutambulika kwanza kwa vazi. Zile za takriban 1948 hadi 1960 zimevikwa kitambaa kigumu cha rangi ya manjano chenye mistari, kinachofanana na kile cha masanduku ya safari ya zamani. Kuanzia takriban 1960 hadi 1963 zilivikwa ngozi ya bandia ya rangi ya kahawia au ya maziwa. Kuanzia 1963 hadi 1967 zilivikwa ngozi nyeusi, na bamba la mbele lenye vifundo vya kurekebishia sauti likawa jeusi lenye maandishi meupe. Kuanzia 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 bamba hilo likawa la rangi ya fedha lenye maandishi ya buluu.

Mabadiliko hayo ya rangi yana maana ya kibiashara. Januari 1965 Leo Fender aliuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Soko limeifanya tarehe hiyo kuwa mpaka. Mali iliyotoka kabla ya mauzo hayo hupata nyongeza ya bei, na ile iliyotoka baadaye hushuka kwa ngazi. Kwa kweli amplifaya za bamba jeusi za 1966 zina saketi zile zile za 1964, kwa hiyo tofauti ya bei kati ya miaka hiyo miwili ni ndogo. Ngazi kubwa zaidi huonekana 1968, pale bamba la fedha lilipoingia na saketi zikaanza kubadilishwa.

Mwekezaji mdogo aone hapo nafasi. Mwanzoni mwa kipindi cha bamba la fedha aina kadhaa zilikuwa zimebadilika kidogo sana kutoka zile za bamba jeusi. Bei yake ni ya chini kwa sababu ya rangi na tarehe, wakati sauti yake inakaribiana na ile ya ghali. Wanamuziki wanaonunua kwa ajili ya kupiga, na si kwa ajili ya kuweka kabatini, hutafuta hizo.

HATUA YA PILI: NAMBA ZILIZOMO NDANI

Sura inaweza kudanganya, kwani bamba na ngozi hubadilishwa. Namba za ndani ni ngumu zaidi kughushi, na muuzaji makini huanza na hizo.

Katika Fender nyingi za kuanzia 1951 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ndani ya sanduku imebandikwa karatasi inayoonyesha mahali pa kila vali. Kwenye karatasi hiyo hugongwa muhuri wa herufi mbili. Herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1951, B 1952, na kuendelea hivyo hadi N, ambayo ni 1964. Herufi ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Amplifaya yenye muhuri wa NK, kwa hiyo, ilitoka Novemba 1964, miezi miwili kabla ya mauzo kwa CBS. Herufi mbili hizo zinaweza kumwongezea muuzaji fedha zaidi kuliko usafi na rangi mpya.

Karatasi hiyo pia huandikwa jina la saketi. AB763, kwa mfano, ina maana ya toleo la Julai 1963, na AC568 ni la Mei 1968. Tahadhari: tarehe hiyo ni ya mchoro wa saketi. Amplifaya yenye AB763 inaweza kuwa ya 1966, maana mchoro ulitumika kwa miaka kadhaa.

Karatasi ikiwa imechanika au imeliwa na mende, zipo namba za viwanda vilivyotengeneza vipuri. Viwanda vya Marekani viligonga kwenye transfoma, spika na potensiomita (kile kiungo kilicho nyuma ya kila kifundo) tarakimu zinazotaja kiwanda, mwaka na wiki. Tarakimu za mwanzo ni za kiwanda: 606 ni Schumacher wa transfoma, 220 ni Jensen wa spika, 465 ni Oxford wa spika, 67 ni Eminence wa spika, 137 ni CTS na 304 ni Stackpole wa potensiomita. Zinazofuata ni mwaka, kwa tarakimu moja au mbili, na mbili za mwisho ni wiki.

Tuchukue mfano. Potensiomita ina 3046433. Hiyo ni Stackpole, mwaka 64, wiki ya 33, yaani Agosti 1964. Spika ina 465435: Oxford, mwaka unaoishia na 4, wiki ya 35. Mwaka wa tarakimu moja unaweza kuwa 1954, 1964 au 1974, lakini ukiuweka pamoja na potensiomita na muhuri wa NK, shaka inaondoka. Vipuri vilitengenezwa Agosti, vikafika kiwandani Fullerton, vikafungwa Novemba. Hesabu inakaa sawa.

Kanuni ya kufuata ni moja: amplifaya haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipuri chake cha asili kilicho kipya kuliko vyote. Ikiwa katika amplifaya hiyo hiyo spika ya pili inaanza na 67 na mwaka 72, spika hiyo iliingia baadaye. Hapo muuzaji hafichi. Anaandika: spika moja ya asili, moja imebadilishwa. Mnunuzi mzoefu atafungua na kuangalia, na akikuta kilichofichwa hatapunguza bei ya spika peke yake, atatilia shaka kila kitu.

MITEGO YA MAJINA YA UINGEREZA

Upande wa Uingereza ipo mitego mitatu inayowaangusha wauzaji.

Mtego wa kwanza ni namba za Marshall. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la vyombo Hanwell, magharibi mwa London. Amplifaya ya kwanza ya duka lake, JTM45, ilitokea 1962, na saketi yake ilifuata kwa karibu Bassman ya Fender. Baadaye amplifaya za Marshall zilipewa namba kama 1959, 1962 na 1987. Wauzaji wengi huziona namba hizo nyuma ya amplifaya na kutangaza kwamba ni mali ya mwaka 1959. Namba hizo ni za katalogi, kama namba ya kipuri dukani, na hazihusiani na mwaka. Marshall ya 1959 haikuwepo, kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa haijaanza. Amplifaya yenye namba 1959 ni ile ya wati 100 iliyoanza katikati ya miaka ya 1960 na kuendelea kutengenezwa kwa miaka mingi.

Kinachopima umri wa Marshall ni mengine. Bamba la mbele la zile za kwanza ni la plastiki ngumu inayong'aa, na mwaka 1969 likabadilishwa kuwa la alumini. Zile za bamba la plastiki ndizo ghali. Kuanzia 1969 namba ya mfululizo iliwekewa herufi ya mwaka: A ni 1969 na 1970, C ni 1971, D ni 1972, na kuendelea. Ndani, za awali zimeunganishwa waya kwa waya kwa mkono, na katikati ya miaka ya 1970 kampuni ilikuwa imehamia kwenye bodi za saketi zilizochapwa. Mfululizo wa JCM800 ulianza 1981. Huo nao una wanunuzi wengi, ingawa bei yake ni ya ngazi nyingine.

Mtego wa pili ni jina la Vox. Amplifaya maarufu ya Vox ni AC30, iliyobuniwa na Dick Denney kwa kampuni ya Tom Jennings iitwayo JMI, huko Dartford, Kent, mwishoni mwa miaka ya 1950. Bendi ya The Shadows iliitangaza, kisha The Beatles. Ina vali nne za EL84 na spika mbili za Celestion za inchi 12. Zile zenye spika za asili za rangi ya buluu huheshimiwa sana, na spika hizo peke yake zina soko lake. Lakini miaka ya 1960 kampuni ya Thomas Organ ya California ilipata haki ya kutumia jina la Vox Marekani, ikatengeneza amplifaya zake, nyingi zikiwa za transista. Jina ni lile lile mbele, bei ni nyingine kabisa. Muuzaji atafute kibandiko cha nyuma kinachotaja mahali ilipotengenezwa.

Mtego wa tatu ni matoleo ya marudio. Kuanzia miaka ya 1990 Fender, Vox na Marshall zote zimetoa nakala halali za amplifaya zao za zamani, zenye vazi lile lile. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuangalia ndani. Za zamani za Fender zina bodi nene ya karatasi ngumu yenye vijicho vya shaba, na vipuri vimefungwa kwa waya na kulehemiwa kimoja kimoja. Nyingi za marudio zina bodi iliyochapwa, yenye njia za shaba zilizolala kama ramani. Soketi ya nyuma ya waya wa umeme unaochomoka, na vibandiko vya onyo vya kisasa, navyo ni dalili ya umri mdogo.

Upo pia udanganyifu usio halali. Amplifaya ya bamba la fedha ya 1972 huvuliwa bamba hilo na kuvishwa jeusi ili ionekane ya 1965. Namba za transfoma ndizo zinazomfichua mdanganyifu.

USALAMA KABLA YA BEI

Amplifaya iliyokaa stoo miaka 20 isiwashwe ili kujaribiwa tu. Sababu ni tatu.

Kwanza, kapasita kubwa za umeme hukauka zikikaa bila kazi. Zikipewa umeme wote kwa ghafla hupasuka na zinaweza kuunguza transfoma, kipuri ambacho thamani yake ni kubwa kuliko vingine vingi. Fundi mwenye ujuzi hupandisha umeme polepole kwa kifaa maalumu, au huzibadilisha kwanza.

Pili, amplifaya nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 117 au 120. Ikichomekwa katika umeme wa Tanzania au Kenya, ambao ni karibu mara mbili ya huo, huungua dakika ile ile. Amplifaya za Uingereza na zile za kusafirishwa nje huwa na swichi ya kuchagua volti. Kibandiko cha nyuma kisomwe kwanza.

Tatu, ndani mna hatari ya kifo. Kapasita huhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Tena, Fender nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuja na plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi, na kapasita moja iliyounganisha umeme wa ukutani na chasisi. Kapasita hiyo ikiharibika, mpiga gitaa hushika nyuzi zenye umeme. Kuiondoa na kuweka plagi ya pini tatu hakupunguzi bei. Mnunuzi mwenye akili huyapenda mabadiliko hayo.

KINACHOPUNGUZA THAMANI NA KISICHOPUNGUZA

Soko linatofautisha matengenezo ya lazima na uharibifu wa uhalisi. Kubadilisha vali ni sawa na kubadilisha tairi za gari. Kapasita za umeme nazo hutegemewa kubadilishwa. Mambo hayo hayashushi bei, na risiti ya fundi huweza hata kuipandisha.

Kinachoshusha bei ni transfoma isiyo ya asili, au iliyosukwa upya mtaani. Spika iliyobadilishwa hushusha, na spika ya asili iliyowekewa karatasi mpya hushusha kidogo. Ngozi mpya juu ya sanduku hushusha sana, hata kama ya zamani ilikuwa imechakaa. Tundu lililotobolewa kwenye bamba ili kuongeza swichi halifutiki. Rangi ya kupuliza juu ya ngozi ni hasara tupu.

Kwa hiyo mtu anayefikiri kwamba ataongeza bei kwa kulisafisha sanduku na kulivika upya, aache. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, basi. Na kila kipuri kilichotolewa kiwekwe katika mfuko na kiuzwe pamoja na amplifaya. Vali za zamani zisitupwe. Zile za Mullard zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, za RCA za Marekani, na za Telefunken za Ujerumani zenye alama ya almasi chini ya kioo katikati ya pini, zina wanunuzi wake hata zikiwa zimetumika, mradi zinapimwa na bado zina nguvu.

HALI YA AFRIKA MASHARIKI

Bendi za dansi za Tanzania na Kenya zilijengwa juu ya magitaa ya umeme, na amplifaya ziliingia nchini kwa ajili hiyo. Tanzania ina jambo lake la pekee: bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Polisi na majeshi walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki akihama bendi aliondoka na kipaji chake tu.

Hilo lina uzito kwa mnunuzi wa leo. Mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa au kufungwa miaka ya 1990, na mali zake zikaenda njia mbalimbali. Anayeletewa amplifaya yenye namba ya taasisi iliyopakwa rangi ubavuni aulize ilitokaje huko: kwa mnada, kwa zabuni au kwa zawadi ya kustaafu. Hati ya mauzo ikiwepo, alama ile ya taasisi huweza kuwa faida, kwa sababu inasimulia historia. Hati isipokuwepo, bei ndogo haifai kitu, maana mali ya wizi haiuziki nje na inaweza kumpeleka mnunuzi mahakamani.

Hali ya hewa nayo ina gharama zake. Pwani, chumvi hula chasisi na kutu huingia kwenye soketi za vali. Unyevu huvimbisha mbao za sanduku na kuotesha ukungu kwenye karatasi za spika. Mchwa humaliza kilichobaki. Tena, fedha za kigeni zilipokuwa adimu nchini Tanzania miaka ya 1980, mafundi walilazimika kutumia kipuri chochote kilichopatikana. Walifanya kazi ya kuokoa muziki, na walifaulu, lakini soko la leo huhesabu kila badiliko. Amplifaya iliyopita mikono hiyo ikaguliwe kipuri kwa kipuri.

KUPANGA BEI

Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua bei iliyotajwa na muuzaji mwingine na kuiita bei ya soko. Mtu anaweza kutaja dola 5,000 na kukaa nazo miaka mitatu. Bei ya soko ni ile iliyolipwa. Katika masoko ya mtandao kama eBay, mnunuzi anaweza kuchagua kuona mauzo yaliyokamilika tu, na Reverb, soko la vyombo vya muziki lililoanzishwa Chicago mwaka 2013, nalo lina kumbukumbu za bei. Jarida la Vintage Guitar la Marekani hutoa kitabu cha bei kila mwaka. Vyanzo viwili vikikubaliana, msingi umepatikana.

Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu zikiwa za kuonyesha njia tu. Amplifaya tatu za aina moja na mwaka mmoja, zote za asili na zinazofanya kazi, zimeuzwa kwa dola 1,500, 1,600 na 1,700. Wastani ni 1,600. Amplifaya iliyopo mkononi ina spika zilizobadilishwa, tuseme zinapunguza dola 250. Inahitaji kapasita na plagi mpya, tuseme dola 200. Thamani yake ni dola 1,150.

Hapo hesabu haijaisha. Ada ya soko au dalali ikiwa asilimia 10, dola 115 zinaondoka na kubaki 1,035. Ufungashaji na usafirishaji wa ndege ukigharimu dola 300 na muuzaji akiubeba yeye, anabakiwa na dola 735.

Sasa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi akitoa dola 700 taslimu leo, je, akataliwe? Tofauti ni dola 35 tu, na mbele yake kuna miezi ya kusubiri, hatari ya kuvunjika njiani na uwezekano wa mnunuzi wa mbali kuirudisha. Kwa hesabu hiyo fedha ya leo ni bora. Lakini kama amplifaya ni ya Novemba 1964 na si ya 1974, bei ya kuanzia inaweza kuwa kubwa mara kadhaa, usafiri ni ule ule, na kuuza nje kunalipa. Ndiyo maana namba husomwa kabla ya kuamua pa kuuzia.

Uzito usisahaulike. Twin Reverb moja ina takriban kilo 29, na AC30 huzidi hapo. Vali zichomolewe na kufungwa mbalimbali, kwa kuwa zikidondoka ndani ya sanduku huvunja na kukata karatasi za spika. Sanduku liwekwe ndani ya sanduku jingine lenye sponji pande zote. Mali ya thamani ikatiwe bima, na karatasi za forodha ziandikwe thamani ya kweli, maana bima hulipa kile kilichoandikwa.

FAILI LA MUUZAJI

Kabla ya kumwita mnunuzi yeyote, muuzaji awe na faili dogo lenye mambo haya: picha ya mbele, ya nyuma na ya ndani ya chasisi iliyopigwa na fundi, namba ya mfululizo, muhuri wa karatasi ya vali, namba za transfoma, spika na potensiomita, orodha ya vilivyobadilishwa, risiti za matengenezo, na hati ya umiliki. Gharama ya faili hilo ni nusu siku ya fundi.

Mwenye faili hilo anajua bei ya chini anayoweza kukubali na sababu yake. Asiye nalo atasikiliza bei ya mnunuzi, na mnunuzi wa amplifaya za kale kwa kawaida amekuja akiwa amekwisha kuzisoma namba.